Ile pinboli ya kwenye kompyuta ya ofisini, na mashine zenyewe

SWALI

Shikamoo fundi. Nimekulia Morogoro, sasa naishi Columbus, Ohio. Mwaka 2004 au 2005 nilikuwa nikitoka shule nampitia mama ofisini kwake, na wenzake wakienda kula mchana mimi nabaki nacheza pinboli kwenye kompyuta, ile yenye chombo cha anga. Juzi marafiki walinipeleka baa moja yenye mashine za pinboli za kweli, kama kumi na mbili hivi. Nilijua leo nitawaonyesha kazi. Gololi ya kwanza ilizama sijahesabu hata ishirini, ya pili vivyo hivyo. Halafu mashine ya jirani ikapiga kishindo kama bunduki, nikaruka. Nilirudi nyumbani nimenuna, na bado nina hamu ya kitu nisichokijua. Je, ile ya kwenye kompyuta ilikuwapo kweli mahali, ningeweza kuigusa? Wewe unaipenda mashine gani kuliko zote? Na mimi nianze na ipi? Mume wangu anasema tununue moja tuiweke sebuleni.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kununa kwako kumenifurahisha, usinichukie. Wachezaji nawajua kwa gololi ya kwanza: mmoja inamzamia, anacheka, anarudi kwenye bia yake, mwingine ananuna. Huyo aliyenuna ndiye nitakayemkuta tena wiki ijayo.

Ile ya ofisini kwa mama haikuwahi kuwapo. Jina lake Space Cadet, na hakuna kiwanda kilichoitoa kwa mbao na chuma. Iliandikwa na kampuni ndogo ya Texas iitwayo Cinematronics, ikatoka 1995 ndani ya kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, kisha ikawa inapachikwa kwenye matoleo yaliyofuata hadi Windows XP, ambayo bila shaka ndiyo uliyoikuta kwa mama. Vista ilipokuja, haimo. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alikuja kueleza kisa chake miaka kadhaa baadaye. Walipojaribu kuihamishia kwenye kompyuta za biti 64, gololi iliwekwa mbele ya springi kama kawaida, kisha ikaanza kuteremka polepole, ikaipenya springi kama jini apenyavyo ukuta, ikatokomea chini ya meza. Wakatafuta kosa ndani ya programu ambayo walioiandika hawakuacha maelezo ya maana, wasilione. Wakaiacha. (Ukiitaka tena, kuna watu walioifumua na kuiandika upya, inacheza kwenye kompyuta za leo bila shida.)

Ila walioichora hawakuitoa hewani. Ule utaratibu wa kupiga shabaha upewe kazi, kupandisha gololi kwenye rampu ili uikubali, taa zikafuatana, ukapandishwa cheo kutoka kadeti hadi jemadari wa meli zote, vyeo tisa kwa jumla, ni lugha ya mashine zilizotengenezwa hapa Chicago miaka ya 80 na 90. Jamaa wa Texas walikuwa wanazikumbuka mashine za baa zao. Wewe ukiwa Morogoro, miguu haijafika sakafuni, ukapokea hamu ya baa ambazo hujawahi kuingia. Ndiyo maana juzi ulihisi umefika mahali unapopajua na hupajui.

Kwa nini gololi ilikuzamia? Kwenye kompyuta gololi ni hesabu tu, haina mwili. Ya kweli ni chuma cha gramu 80, kipenyo milimita 27, imewekwa juu ya ubao ulioinamishwa nyuzi sita na nusu hivi. Ubao huo umetembelewa na gololi maelfu ya mara, kuna mahali pamelika. Raba za pembeni zinakauka zikawa ngumu, gololi ikizigonga inaruka tofauti na jana. Flipa ya kushoto, yaani kile kibao cha kupigia, huenda imechoka kuliko ya kulia. Kwa hiyo ukiikuta mashine mpya kwako, dakika ya kwanza ni ya kumsoma mtu, kama unavyomsoma dereva wa bodaboda kabla hamjafika barabara kuu.

Nadhani pia najua kosa lako, kwa sababu watoto wote wa Windows wanalo. Mlikuwa na vidole kwenye kitufe cha Z na kile cha mkwaju (/), na gololi ikikaribia mlibonyeza vyote viwili, papapapa. Kwenye mashine ya kweli ukiinua flipa zote pamoja umefungua mlango katikati, karibu gololi upite. Bonyeza moja, ile inayohusika. Na mara nyingine usibonyeze kabisa: gololi ikishuka kwa kasi juu ya flipa iliyolala, iache igonge, itadunda yenyewe iende flipa ya pili ikiwa imepoa. Ikiteleza kuja kwenye flipa uliyokwisha kuinua, ishikilie pale juu. Itatulia kwenye kona kama mtoto aliyepakatwa. Pumua, tazama taa gani inawaka, kisha achia, na uipige ikiwa njiani kuelekea ncha ya flipa. Ukijua hilo tu, gololi yako ya ishirini hesabu itakuwa ya dakika mbili.

Kuna jambo jingine ulilolifanya kwenye kompyuta bila kulijua thamani yake: kitufe cha X, kile cha kuisukuma meza. Mashine ya kweli inataka kusukumwa. Kiganja, nyonga, kidogo tu, gololi ikiwa inagonga raba. Ukizidisha, taa zinazima, flipa zinakufa, unaitazama gololi ikienda zake; hiyo ndiyo tilti. Ndani ya mashine, upande wa kushoto karibu na mlango wa sarafu, kuna timazi kama ile ya mwashi, uzito unaoning'inia kwa waya katikati ya pete ya chuma. Uzito ukigusa pete, umeme umekamilisha njia, umeadhibiwa. Aliyebuni adhabu hiyo ni Harry Williams, miaka ya 30, baada ya kuchoshwa na watu waliokuwa wakizinyanyua mashine na kuzibwaga. Nilipoifungua mashine ya kwanza nikakuta timazi ndani nilicheka, maana baba yangu alikuwa mwashi. Nikajua hapa nitaelewana na watu.

Na wewe hapo Ohio unaishi jirani na mwanzo wa mambo. Cincinnati, chini ya saa mbili kwa gari kutoka kwako, mwaka 1871 Mwingereza mmoja aliyehamia huko, Montague Redgrave, alipata hataza ya fimbo yenye springi kwa ajili ya mchezo wa bagateli, ambao zamani gololi yake ilisukumwa kwa mti kama biliadi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago akauza Baffle Ball, sanduku la kuweka juu ya kaunta, wakati watu hawana kazi na senti moja ya kupotezea muda inapatikana. Hazikuwa na flipa. Unavuta springi, unaachia, unabaki kuitazama gololi ikigonga pini, misumari midogo ile iliyolipa mchezo jina lake. Sasa mtu akishinda kwa kutazama tu, si kamari hiyo? New York walisema ndiyo, wakapiga marufuku 1942, na meya wao Fiorello LaGuardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo.

Flipa zilikuja 1947 kwenye Humpty Dumpty ya Gottlieb, sita kwa mpigo, lakini New York hawakulegeza hadi 1976. Siku hiyo mwandishi kijana, Roger Sharpe, alicheza mbele ya madiwani. Mwishoni akasema, nitavuta springi na gololi itapita njia ile pale. Akavuta. Ikapita. Marufuku ikaondoka. Mimi nikisikia ubishi wa mashine za bonanza huko nyumbani humkumbuka Sharpe, ingawa bonanza ungemletea yeye mwenyewe isingemsikiliza, pale hakuna cha kulenga.

Haya, unataka kujua yangu ni ipi.

Wengi watakutajia The Addams Family ya 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor. Siwabishii. Ziliuzwa 20,270, na katika zama za kompyuta ndani ya mashine hakuna iliyoipita. Mkono unatoka kwenye kisanduku, unanyakua gololi kwa sumaku, unarudi nayo ndani. Ni kazi ya watu waliokuwa na fedha na muda. Ila imekuwa kama wimbo wa harusi, kila mtu anaujua hata asiyeupenda.

Yangu ni Taxi, ya kampuni ya Williams, ya mwaka 1988.

Nilitoka Tanga nikiwa fundi redio, Ngamiani, na nilipofika Chicago 1987 nilijua nitafungua redio za Wamarekani. Redio zenyewe zikiharibika wanatupa. Nikasukuma teksi usiku, na mchana nikawa nashinda kwenye karakana ya mzee mmoja aliyekuwa na mashine zake katika baa za mji, kwanza nafagia, kisha nashika bisibisi. Siku akaingiza Taxi mpya, bado ina harufu ya rangi. Kazi yako kwenye mashine hiyo ni kubeba abiria watano, kila mmoja na kituo chake: roboti aitwaye Pin-Bot, Dracula, Santa Claus, mwanadada Lola, na Gorbachev, ambaye mashine inamwita Gorbie kama mtoto wa jirani. (Kwenye zile za mwanzo kabisa mwanadada aliitwa Marilyn, kisha jina na sura vikabadilishwa haraka, nadhani unajua alikuwa anafanana na nani.) Ukiwabeba wote watano, jakipoti inafunguka. Mimi niliyekulia katika Ujamaa, kiongozi wa Wasovieti nikimjua kwa picha za magazetini akiwa na koti zito na kofia, namkuta kwenye foleni ya teksi nyuma ya Dracula! Nilicheka peke yangu mle ndani mzee akadhani nimepigwa shoti.

Usiku nabeba abiria wa kweli, wengine wanashuka kwenye taa nyekundu wakakimbia bila kulipa. Mchana nabeba Dracula, na Dracula alilipa kila mara. Sijui kama naipenda mashine au naupenda mwaka ule. Ninapoisikia honi yake mahali, hata leo, mkono wa kulia unatafuta gia.

Kabla yake kulikuwa na nyingine zinazostahili kuguswa ukizipata. Gorgar ya 1979, ya kwanza kuzungumza. Ilijua maneno saba tu, lakini ilikuwa na mapigo ya moyo yaliyozidi kwenda mbio mchezo unavyoendelea, na mwenzio asiyejua Kiingereza vizuri aliielewa kuliko alivyomwelewa mwenye nyumba. Black Knight ya 1980, yenye uwanja wa ghorofa mbili na sumaku ya kuokolea gololi. Mbunifu wake, Steve Ritchie, ndiye pia aliyetoa High Speed ya 1986, baada ya yeye mwenyewe kukimbizwa na polisi kwa gari huko California. Mashine inakutaka upite taa nyekundu, kisha king'ora kilicho juu ya kichwa chake kinaanza kuzunguka na baa nzima inageuka. Jakipoti yake isipochukuliwa inamngoja mchezaji anayefuata, ikiwa imenona zaidi. Unaona ujanja huo? Mtu anaondoka anajua amemwachia mwingine fedha mezani.

Na baada yake Funhouse ya 1990, nayo ya Lawlor. Hiyo ina kichwa cha mwanasesere, Rudy, kimekaa kwenye uwanja kinakufuata gololi kwa macho na kukusema. Saa ya mashine ikifika usiku wa manane anasinzia mdomo wazi, na wewe unamtupia gololi mdomoni. Watoto wangu waliiogopa. Sauti ya Rudy ni ya Ed Boon, aliyekuwa mwandishi wa programu za pinboli hapo Williams. Kama kaka zako walilipia dakika kwenye kibanda cha gemu wacheze Mortal Kombat, basi wamemsikia, maana Boon ni mmoja wa wawili walioianzisha, na Scorpion anapomwita mtu kwa kamba ni koo lilelile.

Utaniuliza harufu. Hujaniuliza, lakini hiyo ndiyo inayonirudisha nyuma kuliko picha zote. Ndani ya flipa za wakati huo kuna koili ya nyuzi mbili, nene na nyembamba. Ya nene inarusha flipa kwa nguvu; flipa ikifika mwisho inafungua swichi ndogo, ya nene inakatwa, ya nyembamba inabaki kuishikilia tu. Swichi hiyo ikigoma kufunguka, koili nene inaendelea kumeza umeme hadi iungue, isipokuwa fyuzi ikiwahi kufa kwanza. Sasa katika baa moja ya kusini mwa mji, fyuzi ilikufa Ijumaa jioni, na muuzaji asitake kupoteza mapato ya wikiendi akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Dawa hiyo naijua, Tanga tuliitumia kwa redio. Jumatatu nilipofungua kile kioo, vanishi ya koili iliyoungua ilinipiga usoni, na kwa nukta moja nikawa Ngamiani, jasho, redio ya mtu mezani, mwadhini anaadhini Alasiri. Nikakaa chini ya mashine dakika nzima kabla ya kuanza kazi.

Mwezi Oktoba 1999 Williams walifunga idara ya pinboli. Walikuwa wametoka kujaribu mashine za aina mpya zenye skrini inayoakisi picha juu ya uwanja, kama Revenge from Mars, na kiwanda kikaamua fedha iko kwenye mashine za kamari. Mafundi tulipita kuokota vipuri kama watu wanaogawana vyombo vya marehemu. Kampuni moja tu ya maana, Stern, ilibaki inatengeneza, hapohapo pembeni mwa Chicago, na kwa miaka zaidi ya kumi kazi yangu ilikuwa kutibu wazee. Sasa zimerudi, kuna watengenezaji kadhaa, na vijana wa rika lako ndio wanaozijaza. Nikiwauliza mmejulia wapi, nusu yao wananiambia: Windows.

Kuhusu uanze na ipi: tafuta Medieval Madness ya 1997 au Attack from Mars ya 1995, zote za Brian Eddy. Zimetengenezwa upya miaka ya karibuni, kwa hiyo zinapatikana. Ninakupa hizo kwa sababu shabaha kubwa iko katikati mbele ya macho yako, ngome au chombo cha anga. Unaipiga, inakujibu, unaipiga tena, ngome inaporomoka. Hutahitaji kusoma chochote. Twilight Zone ya 1993 iache kwanza, ni mashine ya mtu aliyekwisha kuzoea. Ina gololi moja nyeupe ya kauri iliyo nyepesi kuliko nyingine na isiyovutwa na sumaku, ikikujia ghafla mikono yote unayoijua inakuwa ya uongo. Na ukibahatika kuona mashine ya zamani isiyo na skrini, yenye namba za magurudumu na kengele za chuma ndani, weka sarafu hata kama marafiki wanakuvuta. Fireball ya kampuni ya Bally, 1972, ina sahani inayozunguka katikati ya uwanja. Gololi ikikanyaga pale hata aliyeibuni hajui inatokea upande gani.

Mume wako mwambie asubiri. Mashine mpya ya kawaida ni kama dola 7,000, ina kilo mia na zaidi, na sebuleni itakuwa na mchezaji mmoja anayejua kila kona yake baada ya miezi miwili. Ya zamani ni nafuu kidogo siku ya kuinunua, kisha inakuwa ng'ombe wa maziwa, wa fundi lakini. Chukueni hizo fedha mzichezee nje mwaka mzima. Ikifika siku mmoja wenu anaota gololi usingizini, niandikie tena nitakuambia cha kukagua kabla ya kulipa.

Bado kile kishindo kilichokurusha. Ndani ya kichwa cha mashine, au chini kwenye sanduku lake, kuna koili moja isiyohusika na gololi hata kidogo. Kazi yake ni kurusha kijiti cha chuma kigonge ubao au kibati mara moja, kwa nguvu zote. Baadhi ya mashine mpya zimekiondoa zikaweka sauti ya spika, jambo ambalo mimi siwasamehi. Kompyuta ya mama haikuwa nacho, ndiyo maana hukukijua. Jirani yako alikuwa amefikisha pointi za kupewa mchezo wa bure. Siku kikilia kwenye mashine yako usiondoke, watu wengi wapya wanaondoka. Bonyeza kitufe cha kuanzia, umekwisha kulipiwa.